Wodi ya Barazani

Siku aliyostaafu, baada ya miaka thelathini na moja katika wodi ya wazazi, Sista alipewa saa ya ukutani, birika la umeme na hotuba ndefu iliyomsifu kwa mambo mengi, mengine hata hakuyafanya. Katika hotuba nzima alibeba sentensi moja tu hadi nyumbani, nayo ilisemwa na mganga mkuu mwenyewe kwenye kipaza sauti: kwamba kwa miaka yote hiyo hakuna mama hata mmoja aliyetoka wodini kwake na mtoto wa mwenzake. Watu walipiga makofi. Sista aliona ni kama kumsifu mtu kwa kuvaa nguo kabla ya kutoka nje, lakini moyoni aliipenda sentensi ile, na ukikaa naye robo saa lazima uisikie.

Alikaa nyumbani wiki mbili akipanga na kupangua vijiko. Wiki ya tatu jirani alimletea mti wa chunguni, majani yote yamelegea. "Sista, hebu mtazame huyu. Mimi naona hafiki Ijumaa." Sista alizamisha kidole kwenye udongo mpaka pingili ya pili, akakitoa, akakinusa, akasema kwa sauti ile ile iliyokuwa ikiwatoa waume wodini, "Analazwa."

Tangu hapo baraza la nyumba likawa wodi. Mume wake, seremala mstaafu, mtu mpole asiye na makuu, alipigilia rafu tatu kwa mbao zake mwenyewe. Rafu zilipojaa, akaondolewa yeye na kiti chake, akahamishiwa chini ya kamba ya kuanikia nguo. Hakulalamika sana. Alisema tu kwamba ni mara yake ya kwanza kujifukuza nyumbani kwa nyundo yake mwenyewe.

Wodi ilikuwa na taratibu zake. Mgonjwa akifika anavuliwa chungu chake, hata kiwe cha bei mbaya vipi, anavalishwa sare, yaani kopo tupu la rangi lililotobolewa matundu chini. Chungu kinasuguliwa na kuwekwa stoo mpaka siku ya kuruhusiwa. Kisha mgonjwa anafungwa shinani kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe, na habari zake zinaandikwa kwenye rejista: tarehe, ugonjwa, kimo, idadi ya majani. Saa za kutazama wagonjwa ni saa kumi mpaka saa kumi na moja jioni. Kuna mama mmoja alikuja saa sita mchana kumjulia hali mnanaa wake, akarudishwa getini.

Wagonjwa wengi, kwa maoni ya Sista, walikuwa hawaumwi kitu. Walikuwa wamezamishwa. "Mtu ana huruma, halafu ana kikombe mkononi. Hapo lazima mgonjwa afe." Chungu kisicho na tundu chini alikiita kaburi lenye maua. Wale wanaotia kokoto chini ya chungu wakidhani zinachukua nafasi ya tundu aliwauliza kama na wao wakifungiwa mlango watatoka kwa kuwekewa kokoto. Maganda ya mayai aliyakubali, ila yasagwe kwanza, maana udongo hauna meno. Masalia ya chai ya maziwa hakutaka hata kuyasikia.

Haikuishia hapo, kwa sababu Sista hakumruhusu mgonjwa mpaka amekagua chumba anachorudi. Ukimletea ua moja, ujue umeikaribisha nyumba yako yote kukaguliwa. Alisimama mlangoni, akaweka mkoba chini, akatazama taratibu. Makochi yaliyobanwa ukutani pande zote, katikati uwanja mtupu: "Mnasubiri timu gani?" Picha zilizotundikwa karibu na dari: "Hizi anatazama nani, mijusi?" Pazia lililoishia nusu ya ukuta: "Hili limeona nini chini mpaka likakimbia?" Watu walinuna, lakini akishaondoka walivuta makochi mbele kidogo, wakashusha picha hadi usawa wa macho, wakaongeza pindo la pazia lifike sakafuni, kisha wakakaa na kujikuta wanaongea bila kupayuka. Hakuna aliyekiri. Ila wote waliendelea kumletea miti.

Basi wiki moja ikaleta miti miwili ya mpira, ile ya kuweka ndani, yenye majani mapana ya kijani kizito.

Wa kwanza ulikuwa wa Mama Mwalimu, mjane wa mwalimu mkuu, anayekaa nyumba ya nne kutoka kwa Sista. Sista ndiye aliyemzalisha watoto wake wote watatu. Mti huo mtaa mzima uliujua kwa jina la mti wa Mwalimu, kwa sababu marehemu ndiye aliyeuacha. Watoto wake, watu wazima wenye kazi zao mbali, walikuja kila Jumapili ya kwanza ya mwezi kuutazama mti wa baba yao. Sista aliung'oa kwenye chungu, akakuta mizizi imeoza, laini kama ndizi iliyosahaulika.

"Nani anamwagilia hivi?"

"Mimi," alisema Mama Mwalimu. "Nasahau kama nimemwagilia, namwagilia tena."

"Wewe? Wewe unayekumbuka siku za kuzaliwa za mtaa mzima?"

Mama Mwalimu alijifanya anatazama rafu.

Wa pili ulikuwa wa Msusi, mwenye saluni ya pale kona, mwanamke mchangamfu asiyemaliza sentensi bila kucheka. Huyu aliununua mti wake kwa sababu ulilandana na kochi la kijani. Aliuweka dirishani upande linapozama jua, ukaungua upande mmoja, naye kwa kuusaidia akaupaka mafuta ya nywele ung'ae.

"Mafuta ya nywele?" Sista hakuamini.

"Yale ya bei, Sista. Siyo haya ya kupima."

"Jani ndilo pua yake. Umemziba pua, halafu unajisifu kwamba leso ilikuwa ya hariri."

Wote wawili walilazwa. Wa Mwalimu ulikatwa mizizi iliyooza, ukatiwa udongo mkavu wenye mchanga, ukanyimwa maji siku tisa. Wa Msusi ulisafishwa kwa kitambaa na maji ya vuguvugu yenye sabuni kiduchu, ukawekwa mahali penye mwanga lakini pasipo na jua kali. Baada ya wiki tatu ilikuwa imesimama wima, kimo sawa, kila mmoja na kopo lake la rangi, kama mapacha waliovalishwa sare.

Ijumaa, siku moja kabla ya kuruhusiwa, Sista aliiogesha. Wino wa plasta ulikuwa unachuja ukishika maji, kwa hiyo akazibandua plasta zote mbili, akazibandika ukingoni mwa meza. Kule wodini, nesi kijana akimfungua mtoto kitambulisho kabla ya kumwogesha, Sista alikuwa hamfokei. Alimtazama tu, na nesi alilia mwenyewe. Lakini hawa walikuwa miti, na baraza lilikuwa lake.

Alikuwa anapangusa mti wa pili pale alipoingia mbio mtu amekumbatia mche wa limau ulioanguka kutoka kwenye pikipiki, mizizi nje, udongo umebaki barabarani. Ilikuwa dharura, na Sista hakuwa mtu wa kuiacha dharura imsubiri. Mche ule ulimchukua nusu saa, maana ilibidi uloweshwe, ufukiwe na kufungiwa kijiti cha kuushikilia. Aliporudi, mikono ina matope, alizibandua plasta mezani akazifunga kwenye miti, moja huku, moja kule.

"Una uhakika?" aliuliza mume wake kutoka chini ya kamba ya nguo.

"Miaka thelathini na moja," alijibu Sista bila kugeuka.

Jumamosi miti ikarudishiwa vyungu vyake, ikaenda makwao. Jumatano Sista alichukua rejista, akaenda kwa Mama Mwalimu kuangalia maendeleo, kama alivyofanya kwa kila aliyeruhusiwa. Mti ulikuwa sebuleni, kati ya dirisha na rafu ya vitabu vya marehemu, unapendeza. Mama Mwalimu akaingia jikoni kuchemsha chai. Sista akahesabu majani. Ishirini na moja.

Akafungua rejista. Mti wa Mwalimu, Alhamisi jioni, kabla ya kuogeshwa kesho yake: majani kumi na saba. Mstari wa chini, mti wa Msusi: ishirini na moja.

Akahesabu tena, safari hii akigusa kila jani kwa kidole. Hakuna mti duniani unaotoa majani manne mapana chini ya wiki moja. Chai ilipokuja aliinywa ya moto hivyo hivyo, akasema mti haujambo, akaaga.

"Si umwambie tu?" alisema mume wake.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba ulichanganya miti."

"Punguza sauti!" Sista alichungulia ukuta wa jirani. "Wewe hujui unachosema. Nusu ya watu wa mtaa huu wamepita mikononi mwangu. Nikisema leo nimechanganya miti miwili, barazani kwangu mwenyewe, macho makavu, mchana kweupe, kesho kila mama atamtazama mwanawe mara mbili."

Mume wake alifikiri. "Kwa kweli yule kijana wa fundi bomba ni mrefu mno kwa ukoo wake..."

Sista hakucheka. Hata kula alishindwa. Aliogopa, na zaidi ya kuogopa aliona aibu, maana mwenzake amebakiwa na kitu kimoja tu cha mumewe na yeye amekipeleka kwa mtu anayepaka miti mafuta ya nywele. Jumapili hii ilikuwa ya kwanza ya mwezi. Watoto wangekuja kusimama mbele ya mti wa Msusi na kumkumbuka baba yao. Akakata shauri: atamwambia Msusi kwamba ameona dalili mbaya, auchukue mti kwa uchunguzi, kisha aubadilishe na ule wa Mama Mwalimu kimya kimya kabla ya Jumapili.

Alhamisi asubuhi alikuwa nyumbani kwa Msusi, nyuma ya saluni. Alipovuka kizingiti tu, akasimama. Mti ulikuwa umekatwa kichwa. Ulisimama kando ya kochi la kijani, umebaki kiunoni, na maziwa yake yamekauka kwenye kidonda. Ukutani juu yake kulikuwa na picha ya harusi, kubwa kama mlango.

"Ulikuwa unamfunika mume wangu kidevu," alieleza Msusi.

"Ungesogeza mti!"

"Kochi je?"

"Ungesogeza picha!"

"Msumari je? Sista, usinitazame hivyo. Mkasi ulikuwa mkononi."

"Na kichwa kiko wapi?"

Kichwa kilikuwa saluni, ndani ya jagi la maji mbele ya kioo, kimefungwa utepe mwekundu. Wanawake sita walikuwa wamekaa chini ya mashine za kukausha nywele. Mmoja alipomwona Sista akapiga kelele kushinda mashine: "Jamani, huyu ndiye aliyenitoa tumboni mwa mama!" Wote wakageuka, wakatabasamu. Sista naye akatabasamu. Kumwambia Msusi ukweli mahali pale ilikuwa sawa na kumwita mganga mkuu arudi na kipaza sauti chake.

"Hiki nakichukua," alisema, akilikumbatia jagi. "Na ule uliobaki nauchukua pia, ukachunguzwe."

"Thubutu! Nina wageni Jumamosi. Hivi ulivyo sasa unaingia chini ya picha kama umepimwa."

Hakukuwa na namna. Sista alimwagiza apake majivu kwenye kidonda, asiuguse kwa mwezi mzima, nao utatoa matawi mawili mahali pa moja. Akaenda zake na kichwa kwapani. Nyumbani alikifungua utepe, akakiosha maziwa, akabakisha majani mawili ya juu, akakichomeka kwenye mchanga mbichi na kukifunika mfuko wa nailoni ili kisikauke. Kama kingeota mizizi, kingehitaji miezi. Yeye alikuwa na siku tatu.

Ijumaa alishinda akipanga uongo. Angesema mti umetoa majani kwa mbolea mpya. Angesema watoto wasiuguse, una ugonjwa wa kuambukiza. Kila uongo ulikuwa mzuri mpaka alipomweka Mama Mwalimu mbele yake akausikiliza. Jumamosi asubuhi alijikaza, akavaa gauni la kwenda mjini, akaenda kusema.

Hakukaa kwenye kochi. Alikaa ukingoni mwa stuli.

"Mama Mwalimu, nimekukosea. Huo mti hapo si wa Mwalimu. Niliwabadilisha siku ya kuwaogesha. Wa Mwalimu uko kwa Msusi." Akaukumbatia mkoba wake. "Na Msusi ameukata kichwa."

Kisha akalia, yeye aliyesimama kavu mbele ya mama mia waliokuwa wakilia. Mama Mwalimu aliweka kikombe chini, akainama, mabega yakaanza kutikisika. Sista aliinuka kumshika. Ndipo akaona kwamba mwenzake anacheka, anacheka mpaka machozi, mkono mdomoni kama msichana darasani.

"Sista wangu, kaa chini. Mti wa Mwalimu ulikufa mwaka ule ule aliokufa Mwalimu."

"Ulikufa?"

"Ule niliokuletea ulikuwa wa tatu. Naununua sokoni, nachukua teksi, nauingiza kwa mlango wa uani. Watoto wakiona umepungua kimo nawaambia nimeupogoa." Akajifuta macho. "Na Mwalimu mwenyewe, Mungu amrehemu, hakuupenda. Walimpa zawadi shuleni, akauweka hapo, akawa anautundikia kofia."

Sista alikaa, safari hii kwenye kochi. Hakujua kama acheke au akasirike, kwa siku tatu zile za kutokula.

"Sasa kwa nini unanunua?"

"Siku tulipomzika, mkubwa alisema watakuja kila mwezi kuumwagilia mti wa baba. Nikadhani ni maneno ya msibani. Wakaja. Yule mkubwa anasafiri saa nne kuja, saa nne kurudi. Wanaumwagilia, halafu wanakaa, wananiambia mambo yao, tunacheka. Mti ukifa watakuja kumwagilia nini?"

"Watakuja kukuona wewe."

"Kabla ya mti walikuwa wanakuja kuniona mimi?"

Sista alitaka kusema ndiyo. Lakini wao wawili walikaa mtaa mmoja, na alijua: mara moja kwa mwaka, na mwaka mwingine simu. Alimshika mwenzake mkono, akaushikilia.

"Na maji?" aliuliza Sista hatimaye, maana kazi ni kazi. "Yale maji yaliyoozesha mizizi?"

"Kila mmoja na jagi lake. Wakija na wake zao na mkwe, majagi sita. Nitawaambiaje wamemzidishia baba yao?"

Tiba aliijua fika: waite watu, waonyeshe kidole, pingili ya pili, waambie huruma yenu ndiyo inayoua. Alikuwa ameyasema hayo kwa watu wasiopungua mia.

"Hili langu litaishia hapa?" aliuliza badala yake.

"Na langu pia." Mama Mwalimu alimtazama kwa chini chini. "Ila niambie ukweli, sasa kwa kuwa tumefika huku. Yule mwanangu wa pili, asiyefanana na mtu yeyote kwetu..."

"Huyo ni wako! Nilikuwepo anatoka!"

Wakacheka mpaka jirani akauliza ukutani kama kuna heri.

Jumapili Sista alialikwa. Walikuja wote: mkubwa, jitu la mtu, baba wa watoto wanne, na mkewe; wa pili asiyefanana na mtu, na mkewe; na binti wa mwisho na mumewe. Walijipanga mbele ya mti ambao mwezi uliopita ulikuwa unapakwa mafuta ya nywele. Mkubwa alisema, "Baba, tumekuja," akamimina jagi zima. Akafuata wa pili. Akafuata binti. Sista alishika mikono ya kiti. Aliyasikia maji yakishuka, akaona sahani ya chini ikijaa, akajua mti huu ukipewa hivi hautamaliza mwaka. Wake za watoto nao wakamimina, kisha mkwe. Mama Mwalimu hakutazama mti hata kidogo. Alikuwa anawatazama migongo yao, mmoja baada ya mwingine.

Mkubwa aligeuka, jagi mkononi. "Sista, wewe ndiye mtaalamu. Nimeweka mengi?"

Mama Mwalimu akashusha macho.

"Mwongezee kidogo, mwanangu," alisema Sista. "Leo kuna joto."